Pavlina, Rada na Kamba ya Mwisho

Mdogo wangu mpenzi Sanie,

Natumaini salamu zangu zitakukuta mzima, mgongo umepoa, na miguu haivimbi tena jioni kama ulivyolalamika mara ya mwisho. Sisi huku hatujambo, ingawa ukiniuliza hatujambo ya namna gani, nitakujibu ni ile ya watu waliotoka kumaliza tumbaku. Mama anakula, analala, anagomba, kwa hiyo yu mzima. Presha ilimpanda kidogo mwezi wa nane, ikashuka alipoacha kutia chumvi kwenye jibini ambayo tayari ina chumvi. Binti yako Mirem amerefuka tena. Ile suruali uliyomtumia mwezi wa tano sasa inaishia juu ya vifundo vya miguu, naye anasema ndiyo mtindo.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Lakini unaijua simu ya nyumba hii. Mama huiweka sauti ya juu, huiegemeza kwenye bakuli la sukari, na kabla hujamaliza kuuliza hali, Bi Rufie amekwisha kuingia kuazima kitu na amekaa. Ninayotaka kukuambia Bi Rufie anayajua nusu, na nusu aliyoongeza mwenyewe imekwisha kuzunguka kijiji kizima. Nataka upate yangu kabla hujapata yake. Barua inakuja na mwana wa Bi Nazmie, yule dereva wa basi dogo, pamoja na mitungi ya pilipili za kuchoma na jibini. Nimeificha ndani ya soksi za sufu alizofuma mama, asije akaisoma akiwa kwenye foleni ya mpakani. Soksi zenyewe ni kubwa, usishangae, nitafika huko.

Nianze na lile ulilonituma. Mwezi wa sita ulinipigia ukaniambia umempatia Mirem nafasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli yenu, kupiga pasi mashuka, kuanzia mwezi wa kumi. Ukasema, dada, wewe ndiye unayejua kuongea naye, mlainishe taratibu. Nikakukumbusha kuwa mtoto amebakiza mwaka mmoja tu wa shule. Ukanijibu kuwa wanawake wawili wanaopiga pasi kando yako wana shahada, tena mmoja ya uhandisi. Tangu tukiwa wadogo sijui kukukatalia, nawe unajua kwamba sijui. Nikakubali kumlainisha mwanao.

Sasa nikueleze kiangazi kilivyokwenda, maana jibu langu limetoka humo.

Mwezi wa saba ulipoanza, sindano ya kutungia majani ya tumbaku kwenye kamba ilinichoma kidole gumba mpaka karibu na mfupa. Kidole kikavimba, kikawa na rangi ya biringanya, na muuguzi wa zahanati akanikataza kabisa kugusa majani hadi kipone. Wewe unajua maana ya maneno hayo hapa kwetu. Mtu asiyeweza kutunga tumbaku mwezi wa saba ni heri angekuwa mgeni. Nilikuwa naamka na wanawake wenzangu gizani, nakwenda nao shambani kubeba vikapu kwa mkono mmoja, na jua likishachomoza wenzangu wakikaa chini ya banda kutunga, mimi nasimama tu kama mtu anayengojea basi. Mama alivumilia siku tatu. Siku ya nne akasema, "Nefize, unanitia kizunguzungu. Kama huna mikono una mdomo. Kaa usome."

La kusoma lilikuwepo. Mwalimu wa fasihi alikuwa amewapa darasa la Mirem riwaya mbili za kusoma likizo, zote mbili habari za umaskini wa zamani, na shule ikifunguliwa kila mmoja asimame mbele alinganishe wanawake wa vitabu hivyo: nani aliota nini, na ndoto ilimfikisha wapi. Vitabu nilikuwa navyo kwenye maktaba ya kijiji ninayoifungua mara mbili kwa wiki kwa ajili ya panya na mimi. Mirem hakuwa na mkono wa kukishika kitabu, vidole vyote vyeusi kwa ulimbo wa tumbaku. Basi nikawa namsomea yeye, na waliokuwepo wakasikiliza. Waliokuwepo ni wale wale: mama, Mirem, Bi Rufie na Bi Nazmie, leo kwetu, kesho kwa Rufie, keshokutwa kwa Nazmie, kama siku zote. Majina ya vitabu hakuna aliyeyashika. Kimoja kiliitwa cha Pavlina, cha pili cha Rada, mpaka leo.

Pavlina ni mjane, dobi katika mji wa reli, ana watoto watatu wanaokohoa. Chumba chao sakafu ni ya udongo, na kila majira ya baridi unyevu unapanda mpaka kwenye magodoro. Ndoto yake ni moja tu: sakafu ya mbao. Anafua nguo za watu na kwa ujira wake anapata ubao mmoja leo, mwingine baada ya miezi miwili, anaulaza chini ya kitanda. Bi Rufie alicheka sana. Alisema, "Mwanamke mzima anaota mbao! Si angeota ng'ombe basi? Mbao zinatoa maziwa?" Mama akamwambia bila kuinua macho kwenye sindano kwamba yeye Rufie amezaliwa juu ya sakafu, ndiyo maana ana la kucheka, na aliyelala juu ya udongo hacheki ubao. Bi Rufie akanyamaza, na hilo peke yake nililiandika moyoni kama ajabu la mwaka.

Kuanzia hapo wakawa upande wa Pavlina. Asubuhi tukiteremka shambani, giza bado, nawasikia mbele yangu wakijadili amefikisha mbao ngapi. Bi Nazmie alimchukia kabisa yule mwenye nyumba aliyemsingizia Pavlina wizi wa ubao wa lango. Akasema ndivyo ilivyo siku zote, maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Walifika mahali pa kumtafutia Pavlina mume, na aliyependekezwa ni marehemu baba yetu, eti alikuwa fundi seremala, wangefaana. Mama alisema hana kinyongo.

Halafu Pavlina akafa. Kifua. Na mbao alizozikusanya miaka yote zikatengenezewa jeneza lake, kwa kuwa hapakuwa na mbao nyingine.

Sanie, nilisoma ukurasa ule nikanyanyua macho, nikaona sindano zote zimesimama. Bi Nazmie analia waziwazi, anajifuta kwa kiwiko maana mikono ina ulimbo. Bi Rufie alikasirika, akataka kujua huyo mwandishi anaishi wapi. "Mbao zote zile! Zote! Asibakize hata mbili za kuwekea watoto miguu?" Kesho yake asubuhi tulikuwa kwake. Tulipofika tulikuta ametoa sahani, na kwenye sahani halua ya unga, ile ya msibani, ya moto. Mama akamuuliza ni ya nani, nani amefariki usiku. Bi Rufie akajibu, "Ya Pavlina. Hakuna aliyempikia kwenye kile kitabu, nimeangalia." Mirem akasema, bibi, Pavlina hakuwa Mwislamu, na tena hakuwa mtu. Bi Rufie akamwambia njaa haina dini, na kama hakuwa mtu mbona jana ulikuwa unavuta kamasi? Tukala. Mama akasoma alichojua kusoma, akapangusa uso kwa viganja. Nikuambie ukweli, nilikuwa nimechoka kiasi kwamba na mimi nilimwombea, na nikaona ni sawa kabisa.

Ndipo tukaanza cha Rada. Huyu ni binti wa mfyatua matofali, na ndoto yake ni kuondoka. Hataki mbao, hataki ng'ombe, anataka treni. Anapanda akiwa na miaka kumi na tisa, anakwenda mji mkubwa wa ng'ambo, anaingia kiwanda cha glavu, anapanda ngazi kidogo kidogo mpaka anakuwa msimamizi. Nyumbani anatuma vifurushi.

Hapo banda liligawanyika. Bi Rufie alikuwa wa Rada tangu ukurasa wa kwanza. Alisema huyu ndiye mwanamke mwenye akili, angalau haoti kitu atakachozikwa nacho. Bi Nazmie, ambaye wanawe watatu wote wako nje na mmoja tu, dereva, ndiye anayepita nyumbani akiwa na haraka, hakutaka hata kumsikia. Rada aliponunua koti lenye kola ya manyoya, Bi Nazmie alisema, "Si unaona? Maskini akipata, matako hulia mbwata." Bi Rufie akamkumbusha vifurushi. Bi Nazmie akatupa jani chini. "Vifurushi, vifurushi! Nikiteleza kwenye barafu kifurushi kitanishika mkono?" Wakanuniana mpaka chakula cha mchana, ugali wa mahindi na jibini, wakapatanishwa na siagi.

Mimi nilikuwa nasoma tu. Lakini kulikuwa na jambo lililoanza kunisumbua, na sikutaka kulitazama. Ndani ya kitabu hicho kuna dada. Rada ana dada mkubwa. Mwanzoni anamfungia Rada kikapu na kumsindikiza stesheni. Katikati anamsomea mama yao barua karibu na taa. Karibu na mwisho mama anakufa, na dada ndiye anayemfumba macho. Basi. Kurasa mia tatu na ushei, na mwandishi hakumpa hata jina. Ni dada tu. Mara ya kwanza nilipita. Mara ya pili nikaomba maji. Nilipofika pale pa kufumba macho, mama yetu alikuwa amekaa mbele yangu, kilemba kimelegea, anatunga, na nikaona siwezi. Nikageuza kurasa mbili pamoja nikaendelea mbele. Mirem alinitazama.

Mwisho wa kitabu Rada, mtu mzima sasa, anasafiri kikazi na treni inapita mji wao. Inasimama kidogo. Anaona kiwanda cha matofali, anaona paa la nyumba yao. Hashuki. Treni inaondoka, kitabu kinaisha.

Bi Rufie alisema atashukaje na kazi inamngojea. Bi Nazmie aliinuka akaenda kuosha mikono kwa nyanya mbichi, kuutoa ulimbo, ingawa kazi haijaisha. Na Mirem akasema, kwa sauti ndogo, "Angeshuka tu. Hata angerudi na treni ya baadaye."

Jioni hiyo nikaona ndiyo nafasi ya kutimiza ulilonituma. Tulikuwa tunatundika kamba zilizokauka nusu, yeye juu ya ngazi, mimi nampitishia. Nikaanza kumlainisha kama ulivyotaka. Nikamwambia hoteli ni safi, chumba mtalala pamoja, ataona dunia. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Halafu akanijibu, na nakuandikia alivyosema, usinikasirikie mimi. Alisema, "Mama mkubwa, mama nimemzoea kwenye simu. Huko nikikaa naye chumba kimoja kila siku, sijui tutaongea nini. Mimi nataka nimalize shule, na nataka yeye ndiye aje. Aje akae nimzoee hapa, penye bibi." Ulipoondoka alikuwa na miaka saba, Sanie. Baba yake tangu aende Hispania na mambo yake hajawahi hata kupiga simu. Huyu mtoto kila akipata cheti shuleni huniletea mimi, halafu anakipiga picha akutumie wewe. Sikumlainisha tena. Niliondoka nikaosha kidole changu.

Sasa naja kwenye kamba ya mwisho.

Unaikumbuka desturi ya nyumba yetu, ile bibi aliyoianzisha. Majani yakiisha, yale machache ya juu kabisa yanayobaki hayauzwi, yanatungwa kamba fupi ya kutundika juu ya mlango, na kila mwanamke aliyetunga kiangazi hicho anatia jani moja na kusema anachotaka. Wewe ulikuwa unasema viatu. Kila mwaka viatu. Mimi, tangu baba alipofariki, nasema afya ya mama, naipitisha sindano, naenda kuteleka viazi.

Mwaka huu ilikuwa wiki iliyopita, mchana, upepo umeshaanza kuwa wa vuli. Bi Rufie akatangulia. Alitia jani lake mwenyewe, akataka paa lisivuje, kisha akachukua la pili akasema hili la Pavlina, mbao, na safari hii ziwe za sakafu. Bi Nazmie naye akataka wanawe waje pamoja, hata iwe kwa mazishi yake. Tukamkemea. Akachukua la pili akasema la Rada. Nikadhani atamlaani. Akasema, "Ashuke, mwenzangu. Ashuke tu, hatutamuuliza kitu." Mirem akatia lake. Alitaka shule, na alitaka wewe, na akaona haya akaficha uso begani kwangu.

Mama akachukua jani akalinyoosha juu ya goti lake. Kisha akasema, "Hili la yule dada."

Bi Rufie akauliza dada gani tena. Mama akasema yule wa kitabuni, aliyefunga kikapu. Kisha akanigeukia mimi. "Nefize. Yeye alitaka nini?"

Nikamjibu kuwa kitabu hakisemi.

"Najua hakisemi. Nimekisikiliza chote. Na ile sehemu uliyoiruka nayo nimesomewa na Mirem, jikoni. Mimi kusoma sijui sana, lakini mtu akigeuza kurasa mbili naona. Aliyefumbwa macho ni mama yake, wewe unaogopa nini, mimi bado natunga." Akanipa sindano na lile jani. "Sikuulizi kitabu. Nakuuliza wewe."

Mdogo wangu, nilikuwa na afya ya mama tayari mdomoni. Kila mwaka inatoka yenyewe. Lakini nilikuwa nimechoka. Sijui nikueleze vipi uchovu huu, si wa tumbaku. Ni uchovu wa kuamka kila siku nikijua nani ataita jina langu kwanza na kwa ajili gani. Nina miaka arobaini na sita. Nikasema, "Nataka kuondoka."

Nikasikia sauti yangu nikashangaa, lakini ikaendelea. Nikasema nataka mwaka mmoja tu, au miwili, niamke mahali ambapo hakuna anayenijua. Nifanye kazi yenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Jioni nifunge mlango wa chumba, hata kiwe kidogo namna gani, na asiniite mtu. Jumapili nitembee kando ya mto wowote, bila kikapu. Nikasema kila kifurushi cha Sanie kikifika nafurahi kwa ajili ya mama na mtoto, halafu naingia chumbani kwangu na nakasirika, kwa sababu kimetoka mahali ambapo mimi sipo. Hilo ndilo nililotaka ulisikie kutoka kwangu. Nimekuonea wivu miaka kumi, Sanie. Nilikuonea wivu hata uliponiambia miguu imevimba.

Bi Rufie akacheka, maana asipocheka hajui la kufanya. "Heee! Na mvi hizo? Unakwenda kuolewa na Mjerumani?" Mama hakumtazama. Akasema, "Nyamaza wewe Rufie, mwache mtoto aseme." Mtoto. Hapo ndipo nililia, na nililia vibaya, kwa sauti, mbele za watu, mpaka Bi Nazmie akaja akanishika kichwa kwa mikono yake yenye ulimbo. Nywele zangu bado zinanata upande mmoja.

Nilipotulia nikamwambia mama kuwa yalikuwa maneno tu ya uchovu, asiyajali, nani atamtazama. Akaniuliza kama nadhani yeye ni uji wa kukorogwa. Akasema mwakani hatupandi tumbaku, hiyo ni kamba ya mwisho kweli, tutapanda maharage na viazi, vitu ambavyo vinaliwa. Akasema ana mabinti wawili, na mmoja ameshakaa naye zamu yake na zamu ya mwenzake. Halafu akaenda kutafuta sufu.

Mirem alisimama darasani juzi, akalinganisha. Alisema Pavlina aliota kwa ajili ya watoto na ndoto ikamzika, na Rada aliota kwa ajili yake mwenyewe na ndoto ikamtenga. Mwalimu alisifu. Kisha akaongeza habari za dada asiye na jina, kwamba naye alikuwa na ndoto ila hakuna aliyemuuliza. Mwalimu akamwambia huyo si mhusika, hayumo kwenye swali, akampunguzia alama. Alirudi nyumbani amekasirika kama Bi Rufie siku ya jeneza. Nimempikia chapati za maziwa.

Basi jibu langu ni hili. Mirem haji. Nafasi ya pasi usimpe mtu mwingine wala usiikatae. Mwambie msimamizi wenu kwamba anayekuja si binti yako bali ni dada yako, mkono umepona, na mashuka hayana ulimbo kwa hiyo hayatanishinda. Nitapanda basi la mwana wa Nazmie mwezi wa kumi, na nafasi nitakayotoka mimi kwenye basi hilo ukae wewe, urudi. Najua nakuomba kitu kikubwa. Najua una maisha huko, una rafiki, una saluni unayoipenda, na kwamba huku utapata udongo, mama na msichana wa miaka kumi na saba atakayekununia wiki ya kwanza. Hujawahi kuniuliza kama naweza, nami leo sikuulizi wewe. Nakuambia tu njoo. Sipendi kukuambia hivyo, lakini sifuti. Rada alipita dirishani. Wewe shuka, Sanie.

Mama anakusalimu, anasema usilale na nywele mbichi. Mirem anakusalimu, ameweka picha yako ya zamani kwenye kioo, ile yenye fulana ya mistari, sijui kwa nini ile. Bi Nazmie anakusalimu kwa upendo, Bi Rufie kwa maswali mengi ambayo nimeyaacha. Nisalimie huyo mwenzako mhandisi, mwambie nitakuwa jirani yake wa pasi.

Na zile soksi usizivae. Mama amezipima kwa mguu wangu, kwako zitakutoka. Amesema uziweke kwenye kitanda nitakacholala, nizikute.

Wako dada yako,
Nefize